Nakala ya Saa ya Magharibi

Wakubwa wa hoteli walitaka kumfukuza msichana wa mapokezi, na sababu waliyoishika ilitoka kwenye kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nalisema hilo mwanzo ili mtu asidhani nasimulia habari za mashine. Mashine zimo, tena tele, lakini kilichonipandisha mori ni kuona mwenzangu akitaka kunyang'anywa riziki yake kwa kosa ambalo hakulitenda, na waliokuwa wakimnyang'anya ni watu wa kwetu.

Hoteli ilikuwa Galu, kusini ya Diani. Fundi wa kompyuta nilikuwa mimi, peke yangu, katika kichumba nyuma ya dobi kilichonuka sabuni na mashuka ya moto. Binti wa Kidigo kutoka Msambweni, mwenye cheti cha chuo cha ufundi Mombasa na ulimi ambao mama alisema utaniponza. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, mvua zilipovunja madaraja, na watalii walipotukimbia kisha wakaanza kurudi kidogo kidogo.

Programu ya kuwaweka wageni vyumbani ilinunuliwa kwa watu ambao, naapa, hawajawahi kuishi mahali stima inapoondoka bila kuaga. Kila ilipokatika katikati ya kuandika, faili ilibaki nusu. Sehemu iliyotakiwa kuiambia mashine mgeni fulani yuko ukurasa gani ilivurugika, na mashine ikiulizwa kama chumba ni kitupu yajibu kitupu, bila haya. Siku moja tuliwapa maharusi wa Kijerumani funguo, wakafungua mlango wakamkuta bwana mzima anajipaka sabuni kifuani. Maharusi walicheka. Bwana hakucheka. Meneja alinitazama mimi, kwani mashine ikikosea mwenye kosa ni fundi.

Nikasema basi. Nitaandika ghala langu.

Ghala nililoliita ghala ni kile kilichoko chini ya programu, kisichoonekana na mtu. Juu kuna skrini na majina na vyumba. Chini kuna kitu kinachochukua yale majina na kuyaweka kwenye diski, kisha kuyatafuta yakihitajika. Hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Nilipomwambia meneja, alicheka hata chai ikamwagika kwenye sahani. Fundi wa stima, bwana mmoja wa Ukunda mwenye maneno mengi, akanambia, "Vitu hivyo vyatengenezwa Ulaya, dada. Wewe tengeneza mahamri." Nikamjibu, "Vyaelea vimeundwa, kaka, na aliyeviunda ana mikono miwili kama mimi. Na mahamri pia najua."

Meneja alinipa msimu wa mvua, wakati hoteli hubaki na wageni wa kuhesabika. Likikaa sawa, likae. Lisipokaa, hataki kusikia tena neno ghala.

Kanuni yangu ilikuwa nyepesi kusema. Kila jambo liandikwe kwanza kwenye faili ya pembeni, niliyoiita rasimu. Likishakaa sawasawa pale, ndipo lihamishiwe ghala kuu, na rasimu ifutwe. Stima ikikatika wakati wa kuhamisha, hapana neno, mashine ikiamka itasoma rasimu na kuhamisha upya. Nyepesi kusema, lo! Kutenda ndiyo kazi. Diski ni mwongo. Waiambia andika, yakujibu nimeshaandika, kumbe maneno bado imeyashika mkononi, stima ikienda yaenda nayo. Ilinichukua muda kuujua uongo wake, na muda mwingine kuulazimisha ukweli umtoke.

Na namna ya kujaribu ghala kama hilo ni moja tu. Uchomoe waya. Nilikuwa nikichomoa waya ukutani mchana kutwa, mashine ikiwa katikati ya kuandika, kisha nairudisha, nakaa naisubiri iamke nione imepoteza nini. Wanawake wa dobi wakanitazama wakatazamana. Habari ikafika Msambweni kabla yangu, na shangazi yangu akaja na ubani na rai kwamba nichezewe ngoma, kwani mtu anayechomoa waya na kusema peke yake ana pepo, tena pepo wa kizungu. Nikamwambia, "Shangazi, pepo huyo ana cheti." Hakucheka, ila ubani alinifukiza, nami sikumkatalia.

Aliyekuja kunisaidia bila kuitwa ni msichana wa mapokezi. Msimu wa mvua mapokezini hakuna kazi, akaja kuketi nami kule nyuma ya dobi. Wazazi wake walitoka bara wakapewa shamba kwenye skimu ya makazi huku kwetu, wakalima mahindi na machungwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Msambweni kama mimi, akasoma huku, akajua kula samaki kwa miiba kuliko mimi. Hata hivyo kwa watu alikuwa "yule wa bara". Akiingiza wageni wa uongo kwenye mashine, mimi nachomoa. "Chomoa tena, dada, bado sijachoka!" Wageni wake wa uongo wote walikuwa wachungaji, na wote aliwapa vyumba vya kutazama bahari. Tulichekaje siku zile.

Likakaa. Msimu ulipoanza stima ilikatika mchana mweupe, wageni wamejaa ukumbini, na mashine ilipoamka kila mtu alikuwa chumbani mwake kama alivyoachwa. Meneja hakusema ahsante. Alisema, "Sasa nakala."

Alikuwa na haki. Ghala likistahimili stima si kwamba litastahimili diski kufa, na diski hufa kama sisi. Tulikuwa na chombo cha kanda, kinachonakili ghala lote kwenye kanda ndogo. Kila jioni kanda ya siku itiwe mkobani iende nje ya hoteli, ili hata pakiungua tuwe nayo. Shida ilikuwa hii. Nakala huchukua muda, na kanda husoma ghala kutoka ukurasa wa kwanza kwenda wa mwisho. Mtu akiandika wakati huo, utapata mwanzo wa kale na mwisho wa sasa, vitu viwili visivyojuana. Kwa hiyo yatakiwa saa ambayo hakuna mtu anayeandika.

Tukaketi kikao. Meneja, mtu wa Mombasa, mkuu wa hesabu, mkuu wa stoo, fundi wa stima na mimi. Mkuu wa hesabu alikuwa mzee wa heshima zake, kofia haimtoki kichwani, na nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa moyo mmoja. Yeye ndiye aliyesema, "Ya nini kuumiza kichwa? Magharibi. Magharibi hakuna mja anayefanya kazi."

Sote tukaitikia. Nani abishe? Kwetu magharibi hutumwi dukani, hufagii, hukopeshi sindano wala chumvi, watoto huitwa ndani, na aliye barabarani huharakisha miguu. Nakala yenyewe ilichukua muda wa sala na uradi wake, kana kwamba imepimwa. Hata mimi niliona ni jambo limekamilika. Nikaiweka mashine ianze yenyewe azana inapotoka, nikaenda zangu kusali, na kanda ikawa ikinisubiri nikirudi.

Niliomba kitu kimoja tu. Diski ya pili, ili niwe naijaribu kanda kuirudisha. Nilimwambia meneja kwamba nakala usiyoijaribu kuirudisha si nakala, ni dua. Akasema basi tuombe dua, diski ni ghali. Hilo sikulisahau, na sikukusudia kulisahau.

Diski ikafa saa sita mchana, kwa sauti ya mtu anayegonga meno. Diski mpya ikaletwa kutoka Mombasa na nikairudisha kanda ya jana yake. Ukurasa wa mwanzo ulisema chumba ni kitupu, wa mwisho ukasema mgeni wa chumba hicho hicho ameshaagiza soda mbili. Nikajaribu kanda ya juzi. Vilevile. Ya siku iliyotangulia, vilevile. Kila kanda ilikuwa imechanika katikati.

Wageni waliokuwapo tuliwaokoa kwa kadi walizojaza kwa mkono, msichana wa mapokezi akisoma na mimi nikichapa. Wageni wa siku za mbele ikabidi kuwaandikia mawakala wao faksi za aibu, tukiuliza nani anakuja na lini. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa juu: nani alikuwa akiandika magharibi? Na jibu lilikuwa moja. Magharibi mapokezini huwa kuna mtu mmoja.

Wakaniita ofisini. Msichana mwenyewe hakuitwa, aliachwa kwenye kaunta akitabasamia wageni.

"Amevunja amri," mkuu wa hesabu akasema. "Tulisema saa ya magharibi mashine isiguswe."

"Tulimwambia nani?" nikauliza.

"Sote tulijua."

"Sote tuliokuwa mezani, mzee. Yeye hakuwako mezani. Wala hakuna aliyefungua mdomo kumwambia, si wewe, si mimi, si meneja."

"Kwani mtu mwenye adabu hajui kuwa magharibi kazi husimama?"

"Kazi ya nani?"

Meneja akaegemea kiti. Hao watu wa bara, akasema, hawana subira, lazima waguseguse kila kitu. Aondoke Ijumaa. Na mwaka ule maneno hayo hayakuwa maneno ya kupita. Baada ya vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, jirani alikuwa akimtazama jirani kwa jicho la pembeni, na wengi wa bara walikuwa wamefunga mizigo wakarudi. Wazazi wa msichana huyu walibaki na shamba lao, na mshahara wake ndio uliokuwa ukiwashikilia hapo. Wote mle ofisini waliyajua hayo.

"Nachagua moja," meneja akasema. "Ama kosa ni la yule msichana, ama ni la hilo ghala lako. Kama ni ghala, nanunua programu ya Nairobi na wewe urudi kwa mamako Msambweni."

Ghala lile nililizaa. Lakini hasira ilikuwa imeshanizidi. "Litupe," nikamwambia. "Litupe ghala leo hii kama wataka. Lakini yeye hutamtupa kwa uongo, nami nipo hapa nikitazama. Kabla hujaamua, kesho magharibi njooni mapokezini. Ninyi nyote. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusimama pale saa hiyo."

"Unanichezea sala, mwanangu?" mkuu wa hesabu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haki ya Mungu sichezei. Nyuma ya kaunta kuna chumba cha mizigo. Tandika mswala wako mle, sali kwa utulivu, kisha utoke utazame. Nimekuamkia shikamoo miaka yote hii, mzee. Hili moja nisikilize."

Nilipokwenda kumwambia msichana wa mapokezi, hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alikuwa akizipanga funguo kwenye misumari yake. "Dada, usijiharibie," akanambia. "Mimi nimezoea kuambiwa nirudi kwetu. Huwa nawauliza kwetu ni wapi, basi hapo hakuna anayejibu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake wakaja, na nyuso zao za kuja kwa shingo upande. Mkuu wa hesabu akaingia chumba cha mizigo akatandika mswala kati ya masanduku ya wageni. Meneja akasimama kando ya nguzo akijifanya anatazama saa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni, kwani siku ile sikuwa katika hali ya kusali.

Azana ikatoka. Msichana wa mapokezi akanyoosha mkono chini ya kaunta, muziki wa ukumbini ukazima. Hakuangalia mtu, alifanya kama mtu anayefunga kitasa cha kwao. Wahudumu wawili na bawabu wakateremka kwenda kusali, na kaunta ikabaki na yeye peke yake.

Na hapo basi likaingia. Ndege za wageni hutua Mombasa alasiri, wakapita forodha, wakangoja feri Likoni, na ukiyajumlisha yote hayo wanafika Galu magharibi. Kila siku. Wakashuka watu wazima wenye joto na watoto wanaolia, na simu ikaanza, na mwingine akitaka barafu, na mwingine sanduku lake halionekani. Yeye akawakaribisha, akagawa funguo, akashika simu kwa bega, na vidole vikichapa majina kwenye mashine bila kukoma, kwani asipowaandika hawana chumba, hawana chakula cha jioni, hawana lolote. Kazi yetu sote ilikuwa imekaa juu ya mabega ya mtu mmoja, na sisi tulikuwa tumeiita saa hiyo saa ambayo hakuna anayefanya kazi. Nyani haoni kundule, wallahi.

Mlango wa chumba cha mizigo ukafunguka. Mkuu wa hesabu alisimama pale na mswala mkononi, akatazama hata wageni wote wakaisha. Alikuwa amesikia kila kitu huku amesujudu.

"Kila siku ni hivi?" akamwuliza.

"Kila siku, baba."

"Na muziki? Nani alikuamuru uuzime?"

"Hakuna. Niliona si heshima, watu wako kwa sala."

Mzee akavua kofia akajifuta uso nayo. "Sikuwa najua," akasema. "Saa hiyo huwa hamko," msichana akajibu, bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipoona mzee ameumia kweli.

Meneja hakuumia. Meneja alipata amri mpya. Basi, akasema, huyu abaki, lakini kuanzia kesho magharibi hakuna kuandika, wageni wangoje mpaka kanda imalize. Nikamwambia hapana. Akanikodolea macho. Nikamwambia hapana mara ya pili, taratibu, asije akasema hakusikia. "Ghala linalokaa sawa iwapo tu watu wote wanasali saa ileile na mimi si ghala, ni jeuri. Mbovu ni nakala yangu, haikubali mtu aandike. Mkono wake hauna ubovu wowote. Mimi nitaitengeneza. Nawe utanipa diski ya pili."

Nikapewa. Na mara hii nilijua nifanye nini, kwani rasimu ilikuwapo tangu zamani ikinitazama. Nakala ikianza, rasimu isifutwe. Watu waandike watakavyo. Kanda ichukue ghala kuu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hata likichanika katikati lichanike. Ikimaliza, ndipo iichukue na rasimu yote, mwisho kabisa. Siku ya kurudisha, mashine itasoma rasimu na kupashona kila palipochanika. Kueleza ni maneno machache, kuandika kulinikondesha. Tulijaribu msichana wa mapokezi akichapa kwa kasi na kanda ikizunguka, kisha tukairudisha kanda kwenye diski ya pili, tukakuta wachungaji wote wako vyumbani mwao, hata yule wa mwisho aliyemwingiza kanda ikiwa karibu kusimama. Alipiga kigelegele mle dobini, wanawake wakaja mbio wakidhani nimeposwa.

Baada ya hapo mkuu wa hesabu alimwita msichana ofisini, mbele ya meneja na mimi. Alimwomba radhi kwa maneno mazuri, ya mtu mzima, hakuzunguka. Akamwuliza kama kuna jambo atakalo.

"Radhi nimeipokea, baba," akasema. Akajifikiria kidogo. "Tangu niajiriwe hapa sijaingia kanisani Jumapili. Nyinyi mna magharibi yenu na mimi naishika. Jumapili asubuhi huwa hakuna wa kunishikia."

Meneja akageuza kalamu. Jumapili asubuhi ndiyo saa wageni wa wiki wanapoondoka na wengine wa ndege za usiku kuingia, akasema, mapokezi hayawezi kuachwa, na bawabu hajui kuchapa, na nani basi atakayesimama pale?

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni fundi."

"Najua mimi ni nani."

Jumapili ile nilisimama kwenye kaunta na buibui langu, na funguo ziko nyuma yangu kwenye misumari. Nilikuwa nimeianzisha nakala makusudi, kanda inazunguka, na mimi nachapa majina juu yake kama jeuri. Likaja basi la kwanza. Bibi mmoja wa Kiingereza, mgeni wetu wa kila mwaka, akaegemea kaunta akanyoosha shingo huku na huku, akauliza yuko wapi yule msichana wake. Nikamwambia asubiri kidogo nimtafutie chumba chake.

"Mwenzangu anasali," nikamwambia.